Uanze na Kipi? Mwongozo Kamili wa Kuchagua Riwaya za Kwanza za Shadowrun

Mtu kacheza mchezo wa kompyuta wa Shadowrun, au kasikia kwa rafiki kwamba kuna dunia ambamo joka anamiliki kampuni na mganga anatembea mtaani na bastola kiunoni, akavutiwa. Akatafuta riwaya zake. Akakuta rundo: vitabu karibu 40 vilivyotoka kati ya 1990 na 2001 peke yake, na vingine vingi baada ya hapo. Akachagua jalada lililompendeza macho, akasoma kurasa sitini, akashindwa kujua nani ni nani, akaweka kitabu chini na hakukirudia. Huwa naumia nikisikia hivyo, kwa sababu ndani ya rundo hilo kuna vitabu ambavyo ningempa mtu yeyote anayependa hadithi iliyosukwa vizuri, hata kama hajawahi kushika mchezo wenyewe.

Mimi pia nilianza vibaya. Cha kwanza kuingia mkononi mwangu kilikuwa Worlds Without End cha Caroline Spector, cha mwaka 1995. Ni kitabu cha elfi, yaani kiumbe kama binadamu mwenye masikio yaliyochongoka, ambaye hafi, anayebeba kumbukumbu za zama zilizokuwepo kabla ya historia tunayoijua. Sikujua kwamba nusu ya kumbukumbu hizo zinatoka kwenye mchezo mwingine kabisa wa kampuni ileile, unaoitwa Earthdawn. Kila sura ilinitajia majina kana kwamba nilishatambulishwa. Miaka baadaye, nikiwa nimeshasoma vingine kumi, nilikirudia na nikakipenda sana. Kitabu hakikuwa na kosa lolote. Mimi ndiye niliyeingia kwa mlango wa nyuma.

Kwa hiyo mwongozo huu una kanuni moja, na yote yatakayofuata yanatoka hapo. Usifuate mwaka wa kuchapishwa, wala usifuate kalenda ya ndani ya hadithi. Fuata siri. Riwaya hizi ni za watu wanaopewa kazi bila kuambiwa ukweli wake, na raha yake kubwa ni kuugundua ukweli huo pamoja nao. Mpangilio mzuri ni ule ambao hakuna kitabu kinachochoma siri ya kingine.

Hatua ya kwanza: ijue dunia kwa dakika kumi, kisha uache

Shadowrun ilizaliwa mwaka 1989 kama mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, ukitolewa na kampuni ya FASA ya Chicago. Hadithi yake ilianzia mwaka 2050, na miaka ya ndani ikasonga mbele sambamba na miaka ya nje. Ndiyo maana riwaya za miaka ya tisini zinatembea humo kati ya 2050 na mwanzoni mwa miaka ya 2060.

Historia yake kwa ufupi ni hii. Mwaka 2011 uchawi unarudi duniani. Joka linaonekana juu ya Mlima Fuji, na watoto wanaanza kuzaliwa wakiwa elfi au vibeti kwa wazazi ambao ni binadamu wa kawaida. Mwaka 2021 jambo linakuwa zito zaidi: watu wazima na vijana, ghafla, miili yao inageuka, wanakuwa maoki, wenye miili mikubwa na meno yaliyochomoza, na matroli, majitu yenye pembe. Katikati ya hayo, Wahindi Wekundu wa Marekani Kaskazini wanatumia uchawi wa ngoma kuu ya mizimu kudai ardhi yao, na Mkataba wa Denver wa 2018 unawarudishia sehemu kubwa ya magharibi. Seattle inabaki kama kisiwa: mji wa nchi iliyo mbali, umezungukwa na ardhi ya mataifa mengine. Jiografia hiyo iweke akilini, kwa sababu nusu ya riwaya hizi zinachezwa Seattle, na kutoroka mjini maana yake ni kuvuka mpaka.

Halafu kuna makampuni. Makubwa kabisa yana haki kama za dola: ndani ya uzio wao sheria ni yao, na askari ni wao. Renraku, Ares, Aztechnology, Fuchi, Mitsuhama, na Saeder-Krupp ambayo mkuu wake ni joka liitwalo Lofwyr. Raia ana namba ya utambulisho. Asiye nayo hahesabiki, hana akaunti, hana daktari, hana haki mahakamani, na wengi wa wahusika utakaowapenda ni watu wa namna hiyo.

Jambo la mwisho unalolihitaji ni bei ya nguvu. Mtu anaweza kuwekewa mkono wa chuma, macho ya kamera, waya za kuharakisha neva. Lakini kila chuma kinachoingia mwilini kinamega kitu ndani yake, na mwenye kipaji cha uchawi akijijaza vyuma, uchawi unamkimbia. Kwa sababu hiyo vikosi vinahitaji watu tofauti: mwenye misuli ya mashine, mdukuzi anayeingia kwenye mtandao wa Matrix kwa waya uliochomekwa kichwani, dereva aliyeunganishwa na gari lake mpaka analihisi kama mwili, na mtu wa uchawi. Hawa wa uchawi wako wa aina mbili kuu, na mimi nawatofautisha hivi: mganga, anayeongozwa na mnyama kama Mbwa au Mbwamwitu, na msomi wa uchawi, anayejifunza kwa vitabu na kanuni. Neno mchawi nimeliacha kwa makusudi, kwa sababu kwetu limebeba ubaya ambao wahusika hawa hawana.

Hapo inatosha. Usiende kusoma kurasa za ensaiklopidia za mashabiki kabla ya riwaya. Zimeandikwa na watu wanaojua mwisho wa kila kitu, na zinautaja kwenye sentensi ya kwanza.

Hatua ya pili: jiulize huwa unapenda nini usiku

Namaanisha kile unachokishika bila kulazimishwa. Usichague kitabu kwa sababu watu wanasema ni muhimu kwa historia ya Shadowrun. Chagua kwa aina ya hadithi, kwa sababu chini ya jina moja la jaladani kuna aina nyingi mno.

Ukipenda upelelezi, yule mtu mmoja aliyechoka, anayesimulia kwa sauti yake mwenyewe huku mji ukimtazama kwa jicho baya, utamtaka Nigel Findley. Ukipenda kumwona mtu wa kawaida akichomolewa kwenye maisha yake na kulazimika kuwa mwingine, utamtaka Robert N. Charrette au Chris Kubasik. Ukipenda kikosi, mipango ya wizi, milango inayovunjwa na mambo yanayoharibika dakika ya tano, Mel Odom na Nyx Smith ndio wako. Na kama umevutiwa zaidi na majoka na siasa zao, subiri kidogo: riwaya hizo zipo, na ni bora zikikufikia zikiwa za nne au tano.

Jaribio ninalolitumia mwenyewe ni hili. Nafungua sura ya kwanza nikiwa na penseli na kipande cha karatasi. Kila ninapokutana na neno au jina nisilolijua, naweka alama moja. Nikimaliza sura, siangalii alama ni ngapi, naangalia ni ngapi kati yake ambazo sura yenyewe ilizijibu. Mwandishi mzuri wa kuanza naye anakutupia neno geni kwenye ukurasa wa pili na kwenye ukurasa wa tano unaona kitu hicho kikifanya kazi mkononi mwa mhusika. Kitabu kikiacha alama zote wazi, ni kizuri pengine, ila hakikuandikwa kwa mgeni.

Hatua ya tatu: chagua mlango mmoja

Kuna milango miwili mikuu, na watu hubishana sana ni upi ulio bora. Nitasema msimamo wangu, ila kwanza uione yote.

Mlango wa kwanza ni Never Deal with a Dragon cha Robert N. Charrette, cha mwaka 1990, kitabu cha mwanzo cha trilojia iitwayo Secrets of Power. Jina lake linatoka kwenye usemi wa watu wa vivulini, yaani wale wanaokodiwa kufanya kazi za siri zisizo halali, wanaoonyana kutofanya mapatano na joka hata siku moja. Shujaa ni Sam Verner, mfanyakazi mtiifu wa Renraku. Dada yake Janice anapatwa na yale mabadiliko ya mwili. Kampuni inamhamishia Sam Seattle, na kila anapotaka habari za dada yake, anajibiwa kwa adabu na hapewi kitu. Tazama jinsi jambo hili lilivyopangwa kwa faida ya msomaji mgeni. Sam ameishi ndani ya uzio, kwa hiyo mtaa haujui. Anapotoka, anauliza maswali ambayo wewe ungeuliza. Na chanzo cha kutoka kwake si ujasiri wala tamaa ya fedha, ni ndugu. Hakuna haja ya kuujua mchezo ili kuelewa mtu anayenyimwa habari za dada yake.

Udhaifu wake ni kwamba ni trilojia kweli. Ukianza, jiandae kwa Choose Your Enemies Carefully na Find Your Own Truth, vyote vya 1991, na usisome cha tatu kabla ya cha pili. Mwendo wake pia ni wa taratibu. Charrette anapenda mikutano, mazungumzo ya kupimana, watu wanaoficha karata. Msomaji asiye na subira huenda akachoka katikati ya kitabu cha pili.

Mlango wa pili ni 2XS cha Nigel Findley, na huu ndio ninaoupendekeza kwa watu wengi. Msimulizi ni Dirk Montgomery, mpelelezi binafsi wa Seattle, mmoja wa wale wasio na namba ya utambulisho. Mwanamke anakuja kwake na silaha, akiamini kwamba Dirk ndiye aliyemuua ndugu yake. Ndugu huyo ni Lolita, aliyewahi kuwa mpenzi wa Dirk. Kwa hiyo ndani ya kurasa chache kuna mambo mawili juu ya meza: yeye hakuua, na aliyeuawa alikuwa mtu wake. Jina la kitabu ni la chipu haramu inayouzwa mtaani, ya zile zinazomwaga hisia moja kwa moja kwenye ubongo mpaka mtu anasahau kula.

Sababu yangu ya kukiweka mbele ni sauti. Dirk anaeleza dunia kama mtu anayeishi ndani yake, kwa nusu sentensi, akiwa njiani kwenda kwingine. Hakusimamishi ili akupe somo. Unajua Lone Star ni nini, yaani kampuni binafsi iliyopewa kandarasi ya upolisi wa Seattle, kwa sababu Dirk ana sababu zake za kuwakwepa, na unaanza kuwakwepa pamoja naye. Kisha ni kitabu kimoja kilichokamilika. Ukikimaliza na ukaona dunia hii haikufai, umepata hadithi nzima na hudaiwi kitu.

Kuna mlango wa tatu, mdogo, ambao naupenda kuliko unavyotajwa: Changeling cha Chris Kubasik, 1992. Kijana Peter Clarris anageuka troli. Hadithi ni ya kutafuta njia ya kurudi alivyokuwa, na ya maisha anayoyaishi wakati akiitafuta. Hapa bunduki si kiini. Swali la kitabu ni nani anabaki ndani mtu anapopewa mwili ambao kila mtu anauogopa, na Kubasik halikimbii swali hilo. Kama kilichokuvuta kwenye Shadowrun ni watu, si mitambo, anza hapa bila wasiwasi.

Kwa msomaji kijana, au mtu anayetaka lugha nyepesi, kuna Born to Run cha Stephen Kenson, cha mwaka 2005. Kellan Colt ni msichana anayefika Seattle akiwa mgeni wa kazi za vivulini, na anafundishwa kazi hatua kwa hatua. Kinaendelea kwenye Poison Agendas na Fallen Angels. Kiliandikwa baada ya kimya cha miaka kadhaa, kwa ajili ya kuwapokea wasomaji wapya, na kinafanya kazi hiyo vizuri.

Hatua ya nne: linda siri

Hapa ndipo watu wengi wanapoharibikiwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ndani ya riwaya za nusu ya kwanza ya miaka ya tisini kuna tishio moja linalojengwa pole pole. Sitalitaja. 2XS inakuonyesha mkia wake. Burning Bright cha Tom Dowd, cha 1994, kinakuonyesha mwili mzima: msomi wa uchawi aitwaye Kyle Teller anaitwa na familia tajiri ya Chicago kumtafuta mtoto wao aliyepotea, mwaka ni 2055, na kutoka kwenye kazi hiyo ndogo mambo yanafumuka mpaka mji mzima. Ukisoma Burning Bright kwanza, 2XS itakuwa hadithi ya mtu anayechelewa kugundua unachokijua. Ukisoma 2XS kwanza, utafika Chicago na baridi tumboni kabla Kyle hajafungua mlango wa kwanza. Tofauti ni kubwa mno. Usisome hata maelezo ya nyuma ya jalada la Burning Bright mapema. Na kipo kitabu cha kanuni za mchezo kuhusu Chicago ambacho jina lake peke yake linamaliza kila kitu, kwa hiyo ukiwa unatafuta nakala, tafuta kwa jina la riwaya, usitafute kwa jina la mji.

Mnyororo wa pili ni wa Dirk mwenyewe. Anarudi kwenye House of the Sun, 1995, safari hii akiwa Hawaii, mbali na kila anachokijua. 2XS inamwachia majeraha, ya mwili na mengine, na kitabu cha pili kinayachukulia kuwa unayafahamu. Kati ya hivyo viwili ingiza Shadowplay na Lone Wolf, vya mwandishi huyohuyo. Havimhusu Dirk, ila vinakuonyesha Findley akikua. Shadowplay ina Sly, mdukuzi mwanamke anayetaka kustaafu, kisha anapata habari ambazo makampuni yako tayari kupigania, pamoja na Falcon, kijana wa genge anayetamani kuitwa kwenye njia ya uganga. Lone Wolf inamfuata askari wa Lone Star aliyejipenyeza ndani ya genge la Cutters, na amekaa huko muda mrefu kiasi kwamba utii wake umeanza kuyumba. Sehemu za Lone Wolf anapokaa na wenzake wa genge, akiwapenda na kuwaripoti kwa wakati mmoja, nimezisoma mara nyingi kuliko vita yoyote iliyoandikwa katika mfululizo huu.

Mnyororo wa tatu ni wa Charrette. Baada ya trilojia yake, tafuta Never Trust an Elf cha 1992. Shujaa wake ni Kham, oki ambaye kwenye trilojia alikuwa mtu wa pembeni. Hapa yuko katikati, na ana familia ya kulisha, jambo ambalo hadithi za aina hii husahau. Ukimjua Kham kupitia macho ya Sam kwanza, kisha ukaingia nyumbani kwake, utaona ni kiasi gani Sam hakukiona.

Wa nne ni wa Carl Sargent na Marc Gascoigne: Streets of Blood, kisha Nosferatu, kisha Black Madonna. Cha kwanza kiko London, na mauaji yake yanarudisha kivuli cha muuaji maarufu wa karne ya kumi na tisa. Elfi Serrin ndiye uzi unaoviunganisha. Ni mlango unaokubalika kwa mtu aliyechoka na Seattle kabla hata ya kufika, lakini fuata mpangilio huo.

Wa tano ndio wa majoka. Mwaka 2057 katika hadithi, joka liitwalo Dunkelzahn linachaguliwa kuwa rais wa nchi inayoimiliki Seattle, na linauawa usiku wa kuapishwa kwake. Trilojia ya Jak Koke, yaani Stranger Souls, Clockwork Asylum na Beyond the Pale, inaanzia kwenye kifo hicho. Tatizo la kuanza nayo si kwamba haieleweki. Inaeleweka. Tatizo ni kwamba hutalia. Kifo cha joka huyo kinauma kwa msomaji aliyekutana na jina lake hapa na pale, aliyezoea kwamba majoka wengine wote hawaaminiki na huyu mmoja alikuwa tofauti. Mpe nafasi ya kuwepo kabla hajaondoka. Na Worlds Without End, kile nilichoanza nacho kwa makosa, kikae jirani na trilojia hii, na kama utaweza, soma kwanza kidogo kuhusu dunia ya Earthdawn.

Hatua ya tano: vumilia misimu ya mtaani

Waandishi wa awali waliwatungia wahusika wao matusi na salamu zao. Rafiki ni chummer, uchafu ni drek, fedha ni nuyen, na maneno ya Kijapani yanaingia kila mahali kwa sababu makampuni makubwa ya mwanzo mengi yalikuwa ya Japani. Kurasa thelathini za kwanza zinakera. Usitafute kamusi. Yapokee kama unavyopokea misimu ya vijana wa mtaa usioujua: unakaa, unasikiliza, siku ya pili unacheka nao. Kitu kimoja tu ujue mapema: mtu anayekuja kutoa kazi huitwa Bwana Johnson, au Bi Johnson akiwa mwanamke, hata kama wako watano kwenye kitabu kimoja. Si mhusika mmoja. Dalali anayewakutanisha naye ndiye mtu wa kumtazama.

Kingine unachopaswa kukivumilia ni teknolojia ya zamani. Mwaka 2050 wa 1990 una simu za mezani na nyaya kila mahali. Ukianza kuhesabu makosa ya utabiri, hutafika mbali. Ichukulie ni dunia nyingine iliyoachana na yetu zamani, maana ndivyo ilivyo.

Hatua ya sita: pata nakala sahihi

Riwaya za miaka ya tisini zilitoka kwa jalada laini chini ya chapa ya Roc, na nakala za mitumba bado zinazunguka. Kagua mambo mawili. Kwanza, jina la mfululizo lilichapwa kubwa na jina la mwandishi dogo, kwa hiyo ni rahisi kununua kitabu cha mtu mwingine ukidhani ni cha Findley. Soma jina la mwandishi kwa sauti kabla ya kulipa. Pili, kama ni trilojia, usinunue cha pili ukitumaini cha kwanza kitapatikana baadaye. Mimi nimekaa na kitabu cha pili rafuni kwa mwaka mzima bila kukigusa.

Njia rahisi zaidi ni vitabu pepe. Kampuni ya Catalyst Game Labs, inayotoa mchezo huu sasa, imezirudisha nyingi za zamani kwa jina la Shadowrun Legends. Ukiliona jina hilo, jua ni maandishi ya zamani yaliyotolewa upya, si hadithi mpya. Fahamu pia kwamba Ujerumani ilikuwa na mapenzi makubwa na Shadowrun, kiasi kwamba ziliandikwa riwaya nyingi kwa Kijerumani moja kwa moja. Ukikutana na jina usilolipata kwenye orodha za Kiingereza, huenda ndilo hilo.

Hatua ya saba: baada ya kile cha kwanza

Soma kitabu chako cha kwanza mpaka mwisho kabla ya kuagiza cha pili. Kisha jiulize ulikosa nini. Ulitaka kikosi zaidi? Nenda kwa Preying for Keeps cha Mel Odom, cha Jack Skater na wenzake, na Headhunters inayowaendeleza. Au Fade to Black cha Nyx Smith, kilicho Newark, ambapo kiongozi Rico anaishi kwa kanuni zake mahali ambapo kanuni zinagharimu maisha. Ulitaka kuona mtaa kwa macho ya mtoto? The Lucifer Deck cha Lisa Smedman kina Pita, binti wa kioki asiye na kwao. Ulitaka hadithi fupi unazoweza kumaliza kwa kikao kimoja? Wolf and Raven cha Michael A. Stackpole ni mkusanyiko wa hadithi za Wolfgang Kies na bosi wake Doctor Raven, na ni chepesi kwa namna ya kupumzisha.

Ukiniuliza mimi mpangilio kamili wa vitano, nitakwambia: 2XS, kisha Changeling ili ubadilishe sauti, kisha Burning Bright wakati 2XS bado ni mbichi kichwani, kisha Lone Wolf. Cha tano ni House of the Sun. Findley alifariki Februari 1995, akiwa na miaka 35, na riwaya hiyo ilitoka mwaka huohuo. Dirk hana kitabu kingine baada yake, kwa hiyo mwekee jioni nzima isiyo na shughuli, na usikisome kwa haraka.